Biti 32 au biti 64: la kujiuliza kabla fundi hajapiga Windows upya

Fundi akikuuliza, "Nikupigie Windows ya thelathini na mbili au ya sitini na nne?", jibu la haraka ni sitini na nne, na kwa watu wengi linatosha. Nawaandikia wale ambao halitawatosha: mwenye steshenari ambaye skana yake ni ya zamani lakini bado inapiga kazi, mhasibu wa chama cha msingi anayetunza daftari la wakulima kwenye programu ya enzi za DOS (mfumo uliotangulia Windows), mwalimu aliyekabidhiwa maabara ya kompyuta za msaada, na yeyote anayezunguka madukani akikagua laptopu zilizotumika na kujiuliza ipi itamfikisha miaka mingine mitano.

Msimamo wangu niutangulize. Wengi huchagua kwa kuangalia RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta: ikiwa chini ya GB 4 wanaweka 32, ikizidi wanaweka 64. Kanuni hiyo si mbaya, ila inaanzia pasipofaa. Anza na kitu cha zamani kuliko vyote ulichochomeka kwenye kompyuta hiyo, au ulichosakinisha ndani yake, ambacho huna namna ya kukiacha. Kama hakipo, chukua biti 64 uendelee na mambo yako. Kama kipo, hicho ndicho kitakachokuamulia, na RAM itafuata baadaye.

Tofauti iko wapi hasa

Prosesa, ubongo wa kompyuta, inapotaka kusoma kitu kwenye kumbukumbu huita anwani yake. Mfumo wa biti 32 una anwani 4,294,967,296, moja kwa kila baiti, na hiyo ndiyo GB 4. Ni kama mtaa ulioishiwa namba za nyumba: unaweza kujenga nyumba nyingine, lakini barua haitaifikia. Tena RAM haiko peke yake katika kugombea namba hizo. Kadi ya picha na vifaa vingine vya ubaoni navyo hupewa anwani humohumo. Ndiyo maana laptopu yenye RAM ya GB 4, ikiwekewa Windows ya biti 32, huandika kwamba zinazotumika ni GB 3 na kitu. Watu hurudi dukani kulalamika kwamba wameuziwa RAM mbovu, kumbe RAM ni nzima na kilichopungua ni anwani.

Upo ujanja unaoitwa PAE, ambao Intel iliuleta na Pentium Pro mwaka 1995, unaoiwezesha prosesa ya biti 32 kufikia GB 64. Linux, mfumo mbadala wa Windows, huutumia vizuri. Windows za majumbani na maofisini zilizuiwa zisivuke GB 4 hata zikiwa nao, kwa kuwa draiva nyingi (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuongea na vifaa) zilikuwa zikivurugika zikikutana na anwani ndefu. Na hata PAE ikiwepo, kila programu moja moja inabaki imefungiwa ndani ya GB 4 zake. Kwenye Windows ya biti 32 kwa kawaida programu hupewa GB 2 tu, nusu ya pili inabaki kwa mfumo wenyewe. Mtu anayefungua faili kubwa la Excel na kuambiwa kumbukumbu haitoshi, huku RAM nyingine ipo bure, amegonga ukuta huo.

Biti 32 kwenye kompyuta za mezani zilianza na Intel 80386 mwaka 1985. Biti 64 tunazotumia leo hazikutoka Intel. AMD ndiyo iliyozileta, Aprili 2003, kwa prosesa ya Opteron, na Intel ikafuata mwaka uliofuata. Historia hiyo ina faida ya papo hapo kwa anayepakua Linux: faili lililoandikwa "amd64" ndilo lako hata kama laptopu ina stika ya Intel. Kwa upande wa Windows, "x86" ni biti 32 na "x64" ni biti 64. Nimeona watu wakipakua x86 kwa kudhani namba kubwa ndiyo toleo jipya.

Kasi

Hapa biti 64 inashinda, lakini si kwa kishindo ambacho wauzaji hukisimulia. Mbali na anwani, prosesa inapokuwa katika hali ya biti 64 hupata rejista, yaani visanduku vidogo vya ndani yake vya kufanyia hesabu, 16 badala ya 8, kwa hiyo haikimbii kwenye kumbukumbu kila mara. Kazi za kubana video, kufunga mafaili kwa siri na hesabu za namba kubwa huenda haraka zaidi. Kuandika barua na kufungua barua pepe hutaona tofauti.

Kuna gharama. Kila anwani ambayo programu inaitunza ilikuwa baiti 4, sasa ni baiti 8, hivyo programu ileile hula RAM zaidi. Kwenye mashine ya GB 8 hilo ni jambo la kupuuza. Kwenye mashine ya GB 2 linauma: kivinjari chenye kurasa chache kinaanza kuhamishia mambo kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, si SSD, utasubiri. Microsoft yenyewe iliweka kima cha chini cha Windows 10 kuwa GB 1 kwa biti 32 na GB 2 kwa biti 64. Vima hivyo vinatosha kuwasha mashine tu. Mtu wa kazi asivichukulie kama ushauri.

Printa, skana na vinginevyo vilivyochomekwa nyuma

Sehemu hii ndiyo inayowaumiza watu, na ndiyo inayosahaulika siku ya kupiga Windows.

Programu ya kawaida ya biti 32 inaendeshwa vizuri ndani ya Windows ya biti 64. Mfumo una safu maalumu ya kuipokea, ndiyo maana kwenye diski kuna folda mbili za programu, moja ikiwa na "(x86)" mwishoni. (Usishangae ukikuta mafaili ya biti 64 yamekaa kwenye System32, na ya biti 32 yamekaa kwenye SysWOW64. Majina yalibaki ya zamani ili programu zilizoandikwa kuyatafuta zisipotee.) Draiva ni habari nyingine. Draiva inakaa karibu na kiini cha mfumo, na kiini cha biti 64 hakipokei draiva ya biti 32 hata kidogo. Juu ya hapo, tangu Windows Vista ya mwaka 2007, Windows ya biti 64 inadai draiva za kiini ziwe na saini ya kidijitali.

Maana yake ni kwamba skana ambayo mtengenezaji wake aliacha kuihudumia zama za Windows XP, bila kuiandikia draiva ya biti 64, haitatambuliwa siku ukihama. Haijaharibika, haina lugha ya kuongea na mfumo mpya tu. Hali ni hiyohiyo kwa printa ndogo za leza za miaka ya mwanzo ya 2000, kwa mashine za kuchora ramani na za kukata stika, kwa vipimo vya maabara, na kwa visanduku vya risiti za kodi vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Kabla ya kuhama, andika jina na namba ya kila kifaa, kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna draiva ya x64. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na inaweza kukuokolea bei ya mashine nzima.

Ikiwa draiva haipo, bado hujakwama kabisa. Linux ina utaratibu tofauti. Draiva zake nyingi za skana na printa ziko wazi, zinatafsiriwa upya kwa biti zozote, kwa hiyo kifaa kilichokataliwa na Windows ya biti 64 mara nyingi kinakubalika kwenye Linux ya biti 64. Njia ya pili ni kuweka VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta, kwenye mfumo mpya na kuendesha Windows ya zamani ya biti 32 ndani yake, ukiielekezea plagi ya USB ya kifaa hicho. Inachosha kidogo kila asubuhi, lakini inafanya kazi kwa vifaa vingi vya USB.

Njia ya tatu ndiyo mafundi wengi huipendekeza, nayo ina mtego. Wanasema acha kompyuta ya zamani na printa yake, kisha uishirikishe printa kwenye mtandao wa ndani. Tatizo ni kwamba Windows ya biti 64 inayotaka kuchapa kupitia printa iliyoshirikishwa nayo hudai draiva yake ya biti 64, ileile ambayo haipo. Kinachofaa ni kuhifadhi kazi kama PDF, kuipeleka kwenye folda ya pamoja au kwa flashi, na kuichapa ukiwa umekaa kwenye mashine ya zamani.

Programu za zamani kuliko Windows yako

Ikiwa ofisi ina programu ya DOS, kwa mfano daftari la mishahara lililoandikwa kwa FoxPro ya DOS au Clipper, ujue Windows yoyote ya biti 64 haina uwezo wa kuendesha programu za biti 16 kama hizo. Windows ya biti 32 inao, hadi Windows 10. Hapo biti 32 inashinda waziwazi, na sioni haya kusema kwamba ipo ofisi ambayo ningeiachia mashine ya biti 32 kwa ajili ya hilo tu.

Wakati mwingine programu yenyewe ni ya biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, kama ilivyokuwa desturi katika miaka ya Windows 95. Hiyo huchanganya, kwani mtu huona programu inakataa kusakinika na kudhani yote imekufa. Windows ya biti 64 hujaribu kuvitambua baadhi ya visakinishi hivyo na kuvibadilisha kimyakimya, lakini si vyote. Kwa DOS halisi, DOSBox inaigiza mashine nzima ya zamani na inaendeshwa popote. Ilitungwa kwa ajili ya michezo, kwa hiyo kama watu wawili huandika kwenye daftari moja la data kwa wakati mmoja, ijaribu kwa nakala kwanza.

Office nayo ina mitego yake midogo. Ukiwa na Windows ya biti 64 unaruhusiwa kuweka Office ya biti 32, na kwa ofisi zenye viongezo vya zamani vya Excel au hifadhidata za Access zilizofungwa na programu nyingine, ndivyo ningefanya.

Nani bado anahudumia biti 32

Upande huu hauna ubishi tena. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haina toleo la biti 32. Windows 10 ndiyo ya mwisho kuwa nalo, na huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Apple iliondoa programu zote za biti 32 kwenye macOS Catalina mwaka 2019, na hakukuwa na safu ya kuzipokea kama ile ya Windows: zilizokuwapo zilikoma kufunguka siku hiyohiyo uliyosasisha.

Linux ndiyo iliyokuwa kimbilio, na kimbilio lenyewe linafungwa mlango baada ya mlango. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux kama ilivyo Debian, iliacha kutoa diski ya biti 32 ya kompyuta za mezani mwaka 2017. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kiini cha biti 32, hivyo Debian 12 ndiyo ya mwisho. Chrome iliacha Linux ya biti 32 tangu 2016, na Firefox ikafuata mwaka 2025 baada ya toleo la 144. Kivinjari ndicho kinachoamua maisha ya kompyuta siku hizi. Mfumo unaweza kuwa mzima, lakini kivinjari kisichosasishwa hakifai kuingizwa nywila ya benki.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu mashine ya biti 32 ni mkali: ipe kazi isiyohitaji intaneti. Ichape, iskani, itunze daftari la zamani, ifundishie watoto kuandika. Isiingie benki wala barua pepe.

Halafu kuna saa. Programu nyingi za biti 32 za ukoo wa Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Debian ilipohamisha mashine zake za biti 32 za ARM (ukoo mwingine wa prosesa, usio wa Intel) kwenye hesabu ndefu, iliiacha kwa makusudi ile ya Intel ya biti 32 kama ilivyo. Kwa laptopu hilo si la kukukosesha usingizi. Kwa mashine inayoongoza pampu au geti na inayotarajiwa kukaa ukutani miaka mingi, ni la kuuliza leo.

Mashine iliyo mbele yako

Kwenye Windows, bofya kulia "This PC", kisha "Properties", usome mstari wa "System type". Ukisomeka "32-bit operating system, x64-based processor", basi prosesa inaweza biti 64 na mtu aliiwekea mfumo mdogo kuliko uwezo wake. Hali hiyo ni ya kawaida kwenye laptopu zilizotumika. Kwenye Linux, andika `lscpu` uone kama mstari wa "op-mode" unataja biti 64.

| Ulichonacho | Ningeweka |
|---|---|
| Intel Core Duo ya 2006, au Atom N270 ya laptopu ndogo za 2008 | Biti 32 tu, prosesa haiwezi zaidi |
| Core 2 Duo, RAM GB 2 | Linux nyepesi ya biti 64, na SSD |
| Core 2 Duo au zaidi, RAM GB 4 | Biti 64, isipokuwa kifaa chako kimekataa |
| Core i3, i5, i7 za kizazi chochote | Biti 64 |
| Tableti ya Atom Z3735F, RAM GB 2 | Soma hapa chini |

Angalia Core Duo na Core 2 Duo zisikuchanganye: majina yanafanana, lakini ya kwanza ni ya biti 32 pekee. Nazo Athlon 64 za mwanzo na baadhi ya Pentium 4 ni za biti 64, ila zinakosa amri ambazo Windows 8.1 na 10 za biti 64 zinazidai, kwa hiyo kwa biti 64 zinabaki na Windows za kabla ya hapo au Linux.

Tableti za Z3735F ni kisa cha peke yake. Prosesa ni ya biti 64, lakini programu ya kuwashia iliyochomwa kwenye ubao ni ya biti 32, na Windows ya biti 64 haikubali kuwashwa na hiyo. Fundi asiyelijua hili atahangaika siku nzima akilaumu flashi. Linux ya biti 64 inaweza kuwashwa humo kwa msaada kidogo. Ila kwa GB 2 za RAM zilizogandishwa ubaoni, nisingeinunua leo kwa kazi yoyote ya maana.

ARM, na mtego uleule

Mjadala wa 32 na 64 ukiwa unaisha, mwingine umeshaanza. Apple ilihamia prosesa zake za M1 Novemba 2020, na macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa kompyuta zake za Intel. Kwa Windows, laptopu za Snapdragon X ziliingia sokoni Juni 2024. Zote ni biti 64, lakini si za ukoo wa Intel na AMD. Betri zake hukaa sana, hazipigi joto, na programu za kawaida za Intel zinatafsiriwa zikiwa zinaendeshwa, nyingi bila mtumiaji kuhisi chochote.

Draiva hazitafsiriwi. Windows ya ARM inadai draiva za ARM64, na kifaa kilichovuka salama kutoka biti 32 kwenda 64 kinaweza kukwama hapa. Printa mpya zinazotumia itifaki za pamoja za mtandao hazina shida. Kisanduku cha risiti, skana ya kadi au mita iliyotengenezewa Windows ya kawaida ni ya kujaribiwa dukani kabla hujalipa. Kwa mwanafunzi au mwandishi ningependekeza ARM bila kusita, bei ikiruhusu. Kwa kaunta ya duka, bado x64.

Ukishaamua kuhama

Windows ya biti 32 haipandishwi juu kwa juu kuwa ya biti 64. Lazima ifutwe na kuwekwa upya. Namba ya leseni ya Windows 10 inakubalika kwa zote mbili, kwa hiyo usikubali kuuziwa nyingine. Hamisha mafaili yote kwanza, yakiwemo yaliyofichwa ndani ya programu ya uhasibu, maana hayakai kwenye folda ya nyaraka. Weka kwenye flashi draiva ya biti 64 ya kadi ya mtandao kabla ya kufuta chochote, kwa sababu bila mtandao hutaweza kupakua nyingine. Na kama kuna kifaa kimoja una shaka nacho, mwambie fundi asiiguse diski ya zamani: aitoe, aweke SSD mpya, apige mfumo humo, na ile ya zamani ikae kwenye droo mpaka kila kilichochomekwa nyuma kiwe kimefanya kazi mwezi mzima.